Mbao ya Mkokoteni wa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimeanza kuandika leo. Mtu anayekaribia kuwa mkubwa asipojiandika mwenyewe, wengine watamwandika, tena vibaya. Daftari ni la binti yangu Generoza, wa darasa la pili. Kurasa nne za mbele zina hesabu zake na amekosa zote. Sikuzichana. Inafariji kujua kwamba katika nyumba hii siyo mimi peke yangu ninayeonewa.

Habari kubwa. Mzee Luhaga, kiongozi wa bendi yetu ya Nyota ya Pamba na mpiga besi, ametuita wote. Kampuni mpya ya kununua pamba inafungua kituo Dutwa Jumamosi ya tarehe 20. Zamani mnunuzi alikuwa chama cha ushirika tu, na sherehe yake ilikuwa hotuba na soda moto. Sasa ni soko huria. Kampuni zinagombania wakulima kama wachumba, na hii imeamua kuita bendi mbili. Sisi, na Binza Sound ya Maswa.

Tutapiga kwa wakati mmoja, kila bendi upande wake wa uwanja, kama wazee wetu walivyoshindanisha ngoma baada ya mavuno. Hakuna jaji. Hakuna alama. Watu wanakwenda wanakovutwa, na atakayebaki na watu ndiye mshindi. Mshindi atapiga vituo vyote vya kampuni msimu mzima.

Kisha Luhaga akanigeukia mbele ya wote. Akasema, Ndalahwa, kiti cha gita la solo si cha kurithi. Watu wakiondoka wakati unapiga wewe, solo atachukua Salu na wewe utarudi rizimu, kumsindikiza.

Salu, kijana wetu wa gita la rizimu, akatazama viatu vyake. Mnafiki. Hana hata pedali moja. Anachomeka gita kwenye amplifaya moja kwa moja, kama mtu anayechomeka pasi.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata pedali ya tatu! Mfanyabiashara wa Sirari, kule mpakani, amenipa, mimi nimempa baiskeli. Nimerudi nyumbani kwa miguu, lakini kwa miguu ya mtu mwenye pedali tatu.

Mke wangu Kabula akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia imegeuka mtaji. Akauliza maji yatabebwa na nini. Nikamwambia hayo ni maswali ya enzi za foleni ya sukari. Aliweka ndoo mbili mbele yangu akaendelea kupepeta mchele. Nimekwenda kisimani mara tatu.

Kwa atakayesoma siku nikiwa sipo: pedali ni kisanduku cha chuma unachokikanyaga, na sauti ya gita inabadilika. Zangu nimezipa majina. Ya kwanza ni Kikongwe, kwa sababu kila unachopiga anakirudia mara nne kama mwanamke mzee anayesimulia msiba. Ya pili ni Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, analia ukimkanyaga mbele na kunung'unika ukimkanyaga nyuma. Hii mpya, nyekundu, inanguruma hadi mabati yanatikisika. Hii ni Nzagamba, ndivyo tunavyomwita kwetu dume la ng'ombe.

Zinakula betri. Nimepanga betri sita za tochi ndani ya bomba la mwanzi. Tatu zilikuwa za tochi, tatu zilikuwa za redio ya Kabula. Bado hajaiwasha.

Ijumaa, 5 Julai

Ameiwasha.

Tatizo jingine. Pedali zinateleza sakafuni. Kwenye mazoezi Mtamba alikimbilia chini ya ngoma nami nikamfuata kwa mguu nikiwa bado napiga, suruali ikapasuka kuanzia kiunoni hadi goti. Salu akanipa sindano na uzi bila kucheka. Asingeweza kunitukana vizuri zaidi.

Ninahitaji ubao mmoja mpana wa kuzifungia zote tatu. Na hapa uani kwangu umesimama mkokoteni wa mama mkwe. Ulivunjika ekseli, wakauleta kutoka kwake Zagayu kwa fundi wa kuchomelea, na sasa umepona unamsubiri shemeji yangu Thomasi aje auchukue. Mbao yake ya nyuma ni ya mninga. Nzito, pana, imenyooka.

Nimeipima kwa macho. Nikaondoka. Nikarudi. Nikaipima kwa mguu. Inatosha kabisa.

Jumamosi, 6 Julai

Serikali yenyewe inabinafsisha viwanda. Mimi ni nani nisibinafsishe mbao moja?

Kabula alikwenda sokoni na Generoza. Nikaing'oa. Mahali pake nikaweka katoni la redio, nimelikunja mara mbili na kulipaka oili chafu ya gari. Ukisimama mbali ni mbao. Ukisimama karibu ni mbao iliyougua.

Pedali nimezifunga kwa vipande vya mpira wa tairi na misumari ishirini na miwili. Hazitikisiki tena. Pembeni mwa mbao kuna alama ya moto, mistari miwili na duara, ile ile iliyo kwenye mapaja ya ng'ombe wa kule Zagayu. Aliichoma marehemu baba mkwe, Mzee Marcelo, kwa mkono wake. Nimeifunika kwa kitenge.

Kuhusu mama mkwe ni lazima nieleze. Nimeoa miaka tisa na sijawahi kumtazama usoni. Ndiyo adabu yetu. Mkwe wa kiume hasimami mbele ya mama mkwe, hali mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia porini mpaka mama apite. Jina lake hata hapa daftarini siliandiki. Kwa hiyo nisisemwe kwamba simheshimu. Ninamheshimu sana. Mbao ni jambo jingine.

Jumatatu, 8 Julai

Mazoezi ya kwanza na ubao. Nimezipanga pedali kama ng'ombe wanavyotoka zizini, alivyonifundisha baba. Jike zee linatangulia maana linaijua njia. Mtamba anafuata. Dume linakuja mwisho, linawasukuma wote. Kwa hiyo waya wa gita unaingia kwa Kikongwe, unapita kwa Mtamba, unatokea kwa Nzagamba, ndipo unakwenda kwenye amplifaya.

Nikapiga. Luhaga akauliza kama jenereta limeishiwa mafuta.

Baadaye Salu alinifuata pembeni. Kwa upole, kama kawaida yake. Akasema, kaka, nadhani anayenguruma angetangulia, na anayerudia akae mwisho. Ulivyozipanga, yule anarudia maneno, halafu dume linanguruma juu ya maneno yote manne kwa pamoja, ndiyo maana inakuwa tope. Nikamuuliza amesomea wapi. Akasema amesikia tu kwa masikio.

Baba yake Salu analima mpunga. Maisha yake yote ameinama majarubani. Mtoto wa mpunga anifundishe mimi mpangilio wa kundi?

Alhamisi, 11 Julai

Nimezipangua na kuzipanga upya siku tatu mfululizo. Nimemweka Mtamba mbele. Nimemweka Kikongwe katikati. Nimezigeuza kichwa chini. Nimezisogeza karibu, kisha nikazitenganisha ili zipumue. Kila mara Nzagamba akibaki mwisho, maana hilo halina mjadala. Kila mara tope.

Kabula alikuwa jikoni anasikia yote. Akauliza mbona nisijaribu alivyosema Salu, hata mara moja, nikiwa peke yangu. Nikamwambia dume halitangulii. Akasema, Baba Generoza, hivyo visanduku havina mkia.

Mchana Thomasi alikuja kuchukua mkokoteni. Niliyasifu magurudumu kwa robo saa nzima ili ayatazame magurudumu. Aliyatazama. Kisha akafunga ng'ombe, akaupiga mkokoteni kofi kwa nyuma kama watu wanavyofanya. Ukatoa sauti ya ngoma iliyonyeshewa. Nikakohoa kwa nguvu. Akaniambia ninywe maji ya tangawizi, akaondoka.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda Maswa kuwapeleleza Binza Sound. Nilipanda lori, nimevaa kofia ya marehemu baba, daftari hili mkononi, ili nisijulikane.

Kosa. Mwaka huu mtu mwenye kofia na daftari ni kampuni. Kabla sijafika kwenye ukumbi wao wakulima kumi na zaidi walikuwa wananifuata. Wananiamkia, Mwangaluka, bosi. Mwangaluka. Mmoja akanifungulia gunia nitazame pamba yake. Nikashika kidogo, nikanusa, sijui kwa nini nilinusa. Nikasema ni daraja la kwanza. Wakashangilia. Mzee mmoja akanipa jogoo. Nilipokea ili nisimvunje moyo.

Binza wana kinanda cha umeme. Nimekisikia kwa masikio yangu. Kinatoa sauti ya tarumbeta, ya filimbi, na ukibonyeza kwingine kinatoa sauti ya gita. Gita bila mpiga gita!

Wakati wa kurudi jogoo aliruka kutoka kwenye lori karibu na mto. Nimefika nyumbani bila kitu, na watu wa Binza wanajua sura yangu.

Jumatano, 17 Julai

Leo naandika ukweli. Ninaogopa.

Baba alikuwa na ng'ombe wengi. Ukame ukachukua nusu, wezi wakachukua waliobaki, na mimi mwana wa mwenye ng'ombe nikabaki na gita. Nimekaa kwenye kiti cha solo miaka kumi na moja. Watu wa Bariadi hawasemi yule ni Ndalahwa wa nani. Wanasema yule ni Ndalahwa wa solo. Nikiwa wa rizimu nitakuwa Ndalahwa wa nini?

Nilimwambia Kabula haya, sijui nini kilinisukuma. Akaacha kushona. Akasema nipige kama nilivyopiga nilipokuwa nakuja kumchumbia Zagayu, gita la mbao peke yake, nimekaa juu ya kinu, na yeye anajifanya anachambua pamba. Ule wimbo wangu wa kwake. Akasema hakuna pedali iliyokuwepo na yeye alikuja.

Nikamweleza kwamba wakati ule hakukuwa na bidhaa madukani. Alikuja kwa sababu hakuwa na cha kulinganisha. Akaendelea kushona.

Jumapili, 21 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo nitajaribu.

Tulifika Dutwa asubuhi. Uwanja umejaa, wakulima, baiskeli, mizani mpya ya kampuni imefungwa utepe. Binza upande wa mashariki, sisi magharibi. Nikaweka ubao wangu mbele kabisa, nikaenda kunywa chai. Nimerudi, nimeinama kukagua. Pedali zimehamishwa! Nzagamba mbele. Mtamba katikati. Kikongwe mwisho. Misumari imerudishwa vizuri, mipira imekazwa. Hujuma ya mtu mwenye mikono safi.

Nilikanyaga ili nijue ukubwa wa uharibifu. Nikapiga sauti chache tu. Ikatoka sauti safi, kubwa, iliyokaa, kila kamba inasikika peke yake na inarudi polepole kutoka mbali. Watu waliokuwa kwenye mizani waligeuza vichwa. Mama mmoja akaweka chini beseni lake.

Hapo ndipo nilipojua ni mtego. Adui akitaka kukumaliza anaanza na utamu. Nikamtazama Salu, alikuwa anakaza kamba zake, anajifanya hajui. Nikaomba nyundo. Nikang'oa misumari yote, nikarudisha kundi kwenye mpangilio wake. Luhaga aliita mara mbili, kisha bendi ikaanza bila mimi.

Nikaingia kwenye solo yangu. Tope. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Tope zaidi. Watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja kwanza, halafu kwa ukoo. Nikaona migongo tu. Upande wa mashariki kinanda kilikuwa kinapiga solo ya gita.

Katika kukanyaga, kidole kikanasa kitenge. Kikafunuka. Alama ya Mzee Marcelo ikabaki wazi juani.

Na wakati huo huo, mkokoteni wa Zagayu ukaingia uwanjani. Kampuni ilitangaza vitenge kwa watakaouza siku ya kwanza, na mama mkwe si mtu wa kupitwa na kitenge. Katoni lilikuwa limelainika kwa umande likatoboka. Pamba ilikuwa imemwagika tangu wapi sijui, barabara nyuma yao ilikuwa nyeupe, na Thomasi anatembea nyuma na beseni anaokota. Yeye mama alikuwa anatembea pembeni ya ng'ombe. Akasimama. Akatazama upande wetu. Nilijua ameiona mbao kwa sababu nilijikuta natazama miguu yake, na miguu ilikuwa inakuja.

Mkwe anapokuja unampisha, unaingia porini. Uwanja wa Dutwa hauna pori. Niligeuka mgongo, nikajifunika uso kwa gita, nikarudi nyuma nyuma, waya ukachomoka, nikachuchumaa nyuma ya jenereta. Ndivyo nilivyoachia kiti cha solo. Si kwa kushindwa. Kwa adabu.

Hawezi kusema nami moja kwa moja, kwa hiyo alisema na Thomasi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani. Thomasi, mwambie mwenye gita, mbao hii ni ya Marcelo. Mwambie pamba yangu iko barabarani. Mwambie nimemsalimu.

Nikamjibu kupitia kwa Thomasi kwamba salamu nimezipokea.

Thomasi akaubeba ubao na pedali zangu zote juu yake, na mwanzi wa betri ukining'inia, akaupigilia nyuma ya mkokoteni. Kwa nyundo ile ile niliyoiomba mimi.

Watu walikuwa wanarudi mbio. Nani asiyependa kuona mkwe amejificha? Wangecheka, wangeondoka tena. Lakini Salu akachomeka gita lake moja kwa moja kwenye amplifaya na kuanza kupiga. Alipiga wimbo wangu. Ule wa Zagayu, wa kwenye kinu. Aliupiga taratibu, bila kitu juu yake. Watu wakanyamaza, halafu wakaanza kucheza, halafu wa upande wa mashariki wakaanza kuvuka uwanja kuja kwetu. Hata mpiga kinanda wa Binza alikuja. Mama mkwe, wameniambia, alicheza akiwa ameshika pembe ya ng'ombe.

Mimi nilisikia yote nikiwa nyuma ya jenereta. Nilitoa machozi. Moshi ulikuwa mwingi, lakini si moshi tu.

Tumeshinda. Msimu mzima ni wetu.

Jioni, wakati wa kurudi, nilimwambia Kabula, niliyemkuta uwanjani baada ya muziki, kwamba Salu aliniharibia mpangilio wa pedali asubuhi. Akasema siyo Salu. Ni yeye. Aliamka mapema akapanda lori la pamba ili anitangulie, akazipanga nilipokwenda chai, maana wiki mbili amesikiliza kupitia ukutani na hakutaka nipoteze kiti.

Nilimbebea mzigo wake mpaka nyumbani.

Jumatano, 24 Julai

Luhaga amethibitisha. Salu ni solo. Mimi ni rizimu. Salu alikuja kuniambia kwamba nikitaka tupokezane. Nikamwambia nitafikiria. Nilisema chini chini, kwa hiyo huenda hakusikia.

Pedali zangu ziko Zagayu nyuma ya mkokoteni, zinasomba pamba. Mama mkwe ameleta maneno kupitia kwa Thomasi. Mbao ya marehemu sasa ina matundu ya misumari kama chekeche. Nipeleke mbao mpya ya mninga, nzima, ndipo nipewe vitu vyangu na jambo liishe. Ni haki. Kabula ametoa mbuzi wake wawili majike kumlipa fundi seremala bila kunung'unika. Akasema, Baba Generoza, safari hii nakuomba tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtu anajifunza.

Nimelitafakari sana lililotokea Dutwa, na kosa nimeliona. Ubao ulikuwa mfupi. Kundi lilibanana, Nzagamba akakosa nafasi ya kusukuma. Dume likae mwisho, ndiyo, lakini mwisho wenyewe uwe mbali zaidi. Na pedali tatu ni chache, kundi halisi linaanzia nane. Yule wa Sirari anarudi mwezi ujao.

Mchana fundi ameleta mbao ya mama mkwe. Mninga mpya, bado unanukia, mrefu kuliko ule wa kwanza kwa hatua nzima. Ninatakiwa kuupeleka Zagayu Jumamosi.

Nimeupima kwa macho. Nikaondoka. Nikarudi. Nikaupima kwa mguu. Zinaingia nane, na nafasi inabaki.

Oili chafu ipo kwa fundi wa kuchomelea. Katoni nitatafuta kesho.